Kumaliza Mkopo wa Nyumba Kabla ya Muda Wake: Mwongozo Kamili, Kuanzia Rejesho la Kwanza hadi Hati Kurudi Mkononi

Chukua mkopo wa nyumba wa 10,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni 110,109. Ukilipa miaka mitano bila kukosa hata mwezi mmoja, utakuwa umeipelekea benki zaidi ya 6,600,000. Sasa uliza salio. Utaambiwa ni 9,174,000 na ushee. Katika zote ulizolipa, zilizogusa deni lenyewe ni kama 826,000 tu. Zilizobaki zimemezwa na riba.

Hakuna aliyekuibia. Mkopo mrefu ndivyo ulivyo, na mlango wa kutokea umo ndani ya hesabu hiyohiyo. Nitatumia mfano huu mmoja mwanzo hadi mwisho. Weka fedha yako na kiasi chako mahali pa tarakimu hizi. Riba na muda vikiwa vilevile, uwiano hautabadilika.

Hatua ya 1: Lisome deni lako kwenye karatasi

Wengi wanalijua rejesho lao kwa kichwa ila salio hawalijui. Omba nyaraka tatu: nakala ya mkataba, ratiba ya marejesho kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, na taarifa ya mkopo ya miezi 12 iliyopita. Kaa nazo mezani, kalamu mkononi.

Cha kwanza kutafuta ni namna riba inavyokokotolewa. Mikopo mingi ya nyumba hutozwa riba juu ya salio lililobaki, kwa hiyo deni likipungua na riba ya mwezi unaofuata hupungua. Mstari wa mwezi wa kwanza wa mfano wetu unasomeka hivi (deni la msingi ni pesa uliyokopa yenyewe, bila riba):

Rejesho 110,109; kati yake riba 100,000, deni la msingi 10,109; salio 9,989,891.

Riba ya asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 ya salio kila mwezi. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 99,899, na deni la msingi linapata 10,210. Rejesho halibadiliki, kinachobadilika ni mgawanyo wake wa ndani, na unabadilika polepole mno: sehemu ya deni la msingi inakuja kuizidi sehemu ya riba mwezi wa 172, yaani ukiwa tayari umeingia mwaka wa 15.

Ipo pia mikopo ambayo riba hupigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama nusu umeshalipa. Usidanganyike na kiwango kinachotajwa. "Asilimia 12" ya namna hiyo kwa miaka mitano inalingana na zaidi ya asilimia 20 ya riba ya salio linalopungua. Kama ndio mkopo ulio nao, uliza: nikilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa au naidaiwa yote? Kama unadaiwa yote, kuharakisha hakukuokolei chochote, na pesa yako ya ziada itafutie kazi nyingine.

Walio kwenye mkataba usio wa riba, kama wa benki za Kiislamu, nao wana maswali yao. Katika murabaha benki imekuuzia nyumba kwa bei iliyokwisha kuingiza faida yake. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi, kama kuna punguzo ukimaliza mapema na nani analiamua. Katika musharaka inayopungua wewe na benki mnamiliki nyumba kwa pamoja, nawe unanunua fungu la benki kidogo kidogo. Uliza kama unaruhusiwa kununua fungu kubwa kwa mkupuo, na kwa bei ipi.

Cha pili ni kama riba ni ya kudumu au hupanda na kushuka. Hapa pana hatari ambayo watu hawaioni mpaka iwafikie. Riba ya mkopo wetu ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14 siku za mwanzoni, riba ya mwezi mmoja inakuwa 116,667. Rejesho la 110,109 halitoshi hata kuilipa hiyo riba peke yake! Mkopeshaji atalipandisha rejesho hadi kama 124,350, au atauongeza muda. Kuuongeza muda tu hakutoshi iwapo rejesho linazidiwa na riba, kwa sababu deni litakuwa linakua huku unalipa. Basi soma kifungu hicho, na kama riba yako ni ya kupanda na kushuka, anza sasa kuishi kana kwamba rejesho lako ni lile la juu. Tofauti yake ndiyo pesa yako ya ziada ya kwanza.

Cha tatu ni kifungu cha kulipa kabla ya muda. Wengine hawatozi kitu. Wengine hutoza asilimia fulani ya kiasi unachotanguliza, au hutoza katika miaka ya mwanzo tu, au hukuruhusu kutanguliza kiwango fulani kila mwaka bila ada. Kipigie mstari, kwa sababu ratiba yako yote itakifuata.

Hatua ya 2: Tanguliza akiba na madeni ghali

Pesa ikishaingia kwenye nyumba haitoki kirahisi. Ukipoteza kazi mwezi ujao, benki haitakwambia "wewe ulikuwa unalipa zaidi, pumzika kidogo". Kwa hiyo akiba ya dharura ndiyo inayotangulia: matumizi ya lazima ya miezi mitatu hadi sita, rejesho lenyewe likiwemo, ikae mahali unapoweza kuitoa kwa siku moja au mbili. Mwenye kipato cha msimu au cha biashara asilenge mitatu, alenge sita.

Kisha orodhesha madeni mengine yote: kadi, mikopo ya simu, mkopo wa gari, vitu vya kulipia kidogo kidogo, hata ulichokopa kwa ndugu. Andika salio na riba ya kila moja. Mkopo wa nyumba karibu kila mara ndio wenye riba ndogo kuliko yote, kwa sababu una dhamana nzito. Anayepeleka ziada kwenye nyumba ya asilimia 12 huku anadaiwa kadi ya asilimia 30 anajitia hasara kila mwezi kwa hiari yake.

Wapo wanaopendekeza uanze na deni dogo kabisa upate moyo, na wapo wanaosema uanze na lenye riba kubwa. Kwa hesabu tupu, riba kubwa ndiyo ianze. Ila kama una madeni matano na yanakunyima usingizi, maliza moja au mawili madogo kwanza; gharama yake si kubwa, na simu za wadai zinapungua. Deni la ndugu nalilipa mapema hata kama halina riba, maana bei yake hailipwi kwa pesa.

Hatua ya 3: Lipa ziada, na hakikisha imepiga deni la msingi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tuseme mwezi wa kwanza unaongeza 20,000 juu ya rejesho. Salio linakuwa 9,969,891 badala ya 9,989,891, na riba ya mwezi wa pili inapungua kwa 200. Mia mbili ni kitu kidogo, mtu anaweza kuidharau. Lakini inarudi mwezi wa tatu, wa nne, na kila mwezi hadi mwisho, na kila ikirudi inapunguza deni zaidi kidogo. Ile 20,000 moja ya mwezi wa kwanza inafuta karibu marejesho mawili ya mwisho wa ratiba. Ukiilipa mwaka wa 18 haitafuta hata nusu ya rejesho. Ndiyo maana ziada ndogo ya mapema inaishinda ziada kubwa iliyochelewa.

Ukiongeza hiyo 20,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wa miezi 240 unaisha mwezi wa 148. Unaokoa miaka saba na miezi kadhaa, na riba ya takriban milioni 7.3. Ukishindwa kuongeza kila mwezi, lipa rejesho moja la ziada kila mwisho wa mwaka, yaani 13 badala ya 12: utamaliza kwa miaka 15 na nusu hivi.

Sasa sikiliza vizuri. Pesa ya ziada ikifika kwa mkopeshaji inaweza kwenda njia tatu, na njia moja tu ndiyo inayokufaa kikamilifu.

Ya kwanza: inahesabiwa kama rejesho la mwezi ujao lililowahi. Inakaa kwenye akaunti ya kusubiri, salio halisogei, na mwezi ujao unakatwa pungufu. Hujaokoa kitu.

Ya pili: inapunguza deni la msingi, lakini benki inakokotoa upya na kukushushia rejesho, muda ukibaki uleule. Umeokoa kiasi.

Ya tatu: inapunguza deni la msingi, rejesho linabaki lilelile, na muda ndio unaofupishwa. Hii ndiyo unayoitaka.

Uone tofauti. Baada ya miaka mitano unapata 1,000,000 ya mkupuo. Ukichagua kushushiwa rejesho, litatoka 110,109 hadi kama 98,100, na kwa miaka 15 iliyobaki utaokoa riba ya takriban milioni 1.16. Ukichagua kufupisha muda, miezi 180 iliyobaki inakuwa 137, na unaokoa takriban milioni 3.8. Milioni ni ileile, benki ni ileile, tofauti ni sentensi moja kwenye fomu. Anayetaka nafasi ya kupumua kwenye bajeti anaweza kuchagua kushushiwa, halafu aendelee kulipa kiwango cha zamani kwa hiari yake; matokeo yatakaribiana na ya kufupisha muda, ila inahitaji nidhamu ambayo si kila mtu anayo.

Kwa hiyo kila ukitanguliza pesa, andika barua au ujumbe unaobaki kwenye kumbukumbu: "Malipo haya ya ziada ya kiasi fulani yapunguze deni la msingi la mkopo namba fulani kuanzia tarehe ya kupokelewa. Rejesho libaki lilelile, muda ufupishwe. Naomba ratiba mpya." Usiridhike na neno la mdomo la afisa mikopo, hata akiwa mwema kiasi gani, leo yupo, kesho amehamishwa. Mwezi unaofuata fungua taarifa ya mkopo utazame mistari miwili tu: je, salio limeshuka kwa kiasi chote ulichoongeza, na je, riba ya mwezi imepungua? Kama jibu ni hapana, rudi na barua yako siku hiyohiyo.

Kama ziada haizidi kiasi kidogo na kila muamala unatozwa ada, ikusanye miezi mitatu uilipe kwa pamoja. Na kama benki yako ina akaunti ya akiba iliyofungamanishwa na mkopo, ambayo kilichomo humo hutolewa kwenye salio kabla ya kupigiwa riba, ifikirie sana: inapunguza riba bila kukufungia pesa yako.

Ambaye bado hajasaini mkataba ana bahati ya kuchagua muda. Mkopo uleule wa milioni 10 kwa miaka 15 una rejesho la 120,017, yaani takriban 9,900 tu zaidi ya ule wa miaka 20, lakini riba yote inapungua kwa zaidi ya milioni 4.8. Kwa miaka 30 rejesho linashuka hadi 102,861, afueni ya 7,250 hivi kwa mwezi, na jumla ya riba inafika milioni 27. Ukiambiwa "tunakurahisishia kwa kukuongezea muda", jua ni nani anayerahisishiwa.

Hatua ya 4: Ziada itoke wapi

Sina orodha ya kubana chai na nauli. Anayeweza kumaliza nyumba kwa kuacha chai alikuwa hadaiwi sana. Ziada ya maana hutoka kwenye mambo makubwa machache: nyongeza ya mshahara, malipo ya mkupuo kazini, deni jingine lililoisha, gari la pili, chumba kinachoweza kupangishwa, ada ya shule ya mtoto aliyehitimu.

Kanuni ninayoipenda ni ya nusu kwa nusu: pesa mpya ikiingia, nusu iende kwenye mkopo, nusu mfurahie. Ukikamata yote, nyumba nzima itakuasi ndani ya mwaka. Na deni jingine likiisha, rejesho lake lihamie kwenye mkopo wa nyumba mwezi uleule, kabla hamjaizoea ile nafasi. Weka agizo la kudumu la malipo, litoke siku moja baada ya mshahara kuingia.

Kama mnadaiwa wawili, mume na mke au ndugu, ratiba iwe ya wote wawili. Mmoja akilipa ziada kimyakimya huku mwenzake anakopa kimyakimya, hesabu yote hii ni bure.

Hatua ya 5: Omba riba ishuke, au hamisha mkopo

Baada ya miaka michache ya kulipa vizuri wewe si mteja yule wa mwanzo. Deni limepungua, huenda thamani ya nyumba imepanda, na hatari kwa mkopeshaji ni ndogo. Nenda uombe kiwango kipunguzwe, ukiwa na barua ya ofa kutoka kwa mkopeshaji mwingine kama unayo. Wengi hukosa kwa sababu hawakuomba.

Kuhamisha mkopo kuna gharama zake: ada ya kufunga ule wa zamani, tathmini ya nyumba, mwanasheria, usajili wa rehani mpya, bima. Zijumlishe zote, uzigawe kwa kiasi utakachookoa kila mwezi. Gharama zikiwa 200,000 na unaokoa 8,000 kwa mwezi, itachukua miezi 25 kurudisha gharama. Ukitarajia kuuza au kumaliza kabla ya hapo, kaa ulipo. Na mtego mkubwa ni huu: mkopo uliobakiza miaka 11 ukihamishwa kuwa wa miaka 20 unaonekana mwepesi kila mwezi ilhali umeanza safari upya. Omba muda usizidi uliokuwa umebaki.

Nani asiharakishe

Kuna watu ambao ningewaambia walipe rejesho la kawaida tu. Mwenye riba ndogo ya kudumu katika uchumi ambao bei zinapanda kasi kuliko riba hiyo. Deni lake linayeyuka lenyewe kwa thamani. Mwenye mwajiri anayechangia kwenye mfuko wa uzeeni kwa sharti kwamba naye achangie. Asiiache pesa hiyo. Mwenye ada kubwa ya kulipa mapema inayoisha mwakani. Asubiri, akusanye, alipe kwa mkupuo. Na mwenye kazi inayotikisika. Aongeze akiba kwanza.

Hatua ya 6: Ukikwama njiani

Zungumza na mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho. Mteja anayekuja mwezi mmoja kabla na maelezo ya kipato chake anapewa nafasi ya kupangiwa upya. Anayejificha miezi mitatu anakutana na idara ya kukusanya madeni. Usichukue mkopo wa haraka wa simu kulipia nyumba.

Hatua ya 7: Funga mkopo kwa karatasi

Kulipa senti ya mwisho hakujamaliza kazi. Kama mwezi mmoja kabla, omba barua ya salio la kufunga mkopo yenye tarehe. Kiasi chake kitazidi kile cha taarifa yako, kwa sababu riba inaendelea kuhesabiwa kila siku. Salio la 3,000,000 kwa asilimia 12 linazaa kama 986 kwa siku, kwa hiyo ukichelewa siku kumi utabakiza deni dogo ambalo hulijui, nalo litaanza kuzaa.

Ukishalipa, fuatilia haya hadi mwisho:

- risiti, na barua inayothibitisha kwamba hudaiwi chochote kwenye mkopo huo;
- kusitishwa kwa agizo la malipo, ili usikatwe mwezi ujao;
- hati ya kuachia rehani, kisha kuondolewa kwa rehani hiyo kwenye daftari la ardhi;
- hati halisi ya nyumba, uikague namba na jina kabla ya kuondoka;
- kufutwa kwa jina la mkopeshaji kwenye bima ya nyumba, na kuuliza kama kuna pesa ya kurudishiwa kwenye bima ya mkopo iliyolipiwa mapema;
- taarifa mpya kwenye kumbukumbu za mikopo.

La rehani kwenye daftari la ardhi ndilo linalosahaulika. Watu wanachukua hati, wanaiweka kabatini, na miaka 10 baadaye wakitaka kuuza wanakuta nyumba bado inasomeka ina rehani, na mkopeshaji ameungana na mwingine au amebadili jina. Fanya upekuzi wa daftari baada ya wiki chache uone kwa macho yako kwamba liko safi.

Hatua ya 8: Kuishi bila deni

Mwezi wa kwanza bila rejesho, zile 110,109 zitakuwa kwenye akaunti na zitaonekana nyingi. Zipangie kazi kabla mwezi huo haujafika, kwa agizo lilelile la kudumu, kwenda mahali pengine. Fungu la kwanza liwe la nyumba yenyewe. Wengi hutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa paa, mabomba, rangi na nyaya. Nyumba kuukuu itataka zaidi. Hakikisha pia bima ya nyumba na kodi ya jengo bado zinalipwa, kwa sababu kama zilikuwa zinapitia benki, sasa ni juu yako. Fungu la pili liende kwenye uzee, ambao huenda uliusogeza pembeni miaka yote hii. Fungu la tatu liwe la vitu ambavyo watu hukopea: gari, ada, samani, sherehe. Ukijilipa rejesho la gari miaka minne kabla ya kulinunua, unalinunua taslimu na riba unaipata wewe.

Ndani ya miezi michache utapigiwa simu na kuambiwa una sifa za mkopo mwingine, dhamana ikiwa nyumba hiyohiyo. Kwa biashara inayoeleweka kwa tarakimu inaweza kujadiliwa. Kwa gari, harusi au safari, hapana.

Ombi gumu zaidi litatoka karibu: shemeji au rafiki wa miaka mingi anataka umdhamini, kwa kuwa sasa "wewe huna deni". Mkopaji akishindwa, mdhamini hudaiwa kama yeye, na mara nyingi nyumba yako ndiyo itakayotazamwa. Omba kwanza kuona mkataba, ukomo wa udhamini kwa kiasi na kwa tarehe, na taarifa ya marejesho kila mwezi. Kama usingeweza kulilipa deni hilo zima mwenyewe bila kugusa akiba ya dharura, usisaini. Mpe badala yake kiasi unachoweza kumpa bila kukidai, na umwambie hivyo siku hiyohiyo ili asipoteze muda kukusubiri.